Magorofa, kuboresha papo hapo au ploti za nje ya mji: mpangaji wa chumba kimoja achague lipi?

Saa kumi na moja alfajiri barabara ya Lunga Lunga hujaa watu, na karibu wote wanatembea kwa miguu. Wanatoka Viwandani na Mukuru kwa Reuben, mitaa ya mabanda ya Nairobi, kuelekea mageti ya viwanda vya Industrial Area, kikopo cha chakula mkononi, usingizi bado machoni. Mbele ya geti wanajipanga. Msimamizi akitoka anahesabu kwa kidole: wewe, wewe, wewe, na wewe wa sweta nyekundu. Anayefika saa moja na nusu anakuta geti limefungwa, na siku hiyo hana kitu.

Nimekaa Viwandani miaka 14. Nilikuja kutoka Mwingi baada ya karo kunishinda, nikapokewa na mtu wa kijijini kwetu, nikalala sakafuni kwake miezi mitatu hadi nikapata chumba changu cha mabati, futi 10 kwa 10. Leo nalipa kodi shilingi 2,500, na kila mwezi lazima kitu kiende nyumbani kwa mama. Majirani zangu wengi walikuja hivyohivyo, kutoka Ukambani, Kisii au magharibi, na karibu wote ni wapangaji. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2006 ulikuta kaya 92 katika kila 100 za mitaa ya mabanda ya Nairobi zinalipa kodi kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo watu wa mradi wa makazi wakija na ramani, wakaitisha baraza na kuuliza "mnataka nini?", wa kujibu kwanza ni mpangaji wa chumba kimoja. Huyo ndiye nitakayempimia kila njia hapa.

Njia zenyewe ni tatu, na zote zimeshajaribiwa karibu nasi.

Bomoa, hamisha, jenga gorofa

Kwa Kenya, njia hii ilijaribiwa kwa muda mrefu zaidi Soweto Mashariki, Kibera. Serikali na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, walikubaliana 2003. Mwaka 2009 wakazi wa sehemu ya kwanza walihamishiwa magorofa ya muda kule Lang'ata, nyumba 600 za vyumba vitatu vitatu, ili mabanda yao yabomolewe na kujengwa upya. Nyumba moja ilikaliwa na zaidi ya familia moja, kila familia na chumba chake, jiko na choo wakishirikiana. Kodi ilikuwa takribani shilingi 1,000 kwa chumba. Wenye mabanda wakaenda mahakamani, ubomoaji ukakwama, na "muda" ule ukawa miaka. Nyumba mpya 822 zilikabidhiwa 2016.

Nisipunguze sifa za gorofa. Mtu aliyewahi kushika foleni ya choo cha kulipia saa tano usiku, mtoto anaharisha na mvua inanyesha, anajua thamani ya choo chenye mlango wako mwenyewe. Moto ukianza kwenye jiko la jirani, ukuta wa mawe unakupa muda wa kutoa watoto. Mabati na mbao havikupi. Stima ni yako kwa mita yako. Mama anaweza kuja kutoka nyumbani akalala bila wewe kuona haya. Haya si mambo madogo, na wanaosema watu wa mabanda hawataki magorofa hawajatuuliza.

Shida iko kwenye masharti ya kuingia. Nyumba ndogo kabisa ya Soweto Mashariki ilitangazwa kwa takribani shilingi 600,000, na asilimia 10 ilitakiwa kwanza. Elfu 60 taslimu ni pesa nyingi kwa mtu anayelipwa kwa siku. Hata yule aliyepata mara nyingi alikaa kidogo, akapangisha kwa mwenye mshahara wa kueleweka, akarudi kwenye mabati na tofauti ya kodi mfukoni. Simlaumu. Alipewa kitu ambacho kumpangishia mtu mwingine kulimlipa kuliko kukikalia, na karo ya watoto ilikuwa inasubiri.

Mradi mpya wa Mukuru, kando ya barabara ya Enterprise, umejaribu kurekebisha hilo, na lazima niseme umesogea mbele. Umepangiwa nyumba 13,248, na tarehe 20 Mei 2025 Rais Ruto alikabidhi 1,080 za kwanza. Chumba cha chini kabisa kinalipiwa shilingi 3,900 kwa mwezi, mwisho wake kiwe chako. Zaidi ya yote, mradi uko mahali kazi iliko: kutoka hapo hadi mageti mengi ni mwendo wa mguu.

Hesabu yake lakini tuifanye pole pole. Elfu 3 na mia 9 ni 1,400 zaidi ya kodi yangu. Kwa mwenye mshahara wa mwezi, hiyo inabebeka, hasa akikumbuka kwamba maji na choo anavilipia kando huku kwenye mabanda. Kwa kibarua, ugumu ni tarehe. Mwenye ploti yangu, yaani mwenye nyumba, hupokea 1,000 leo, 700 Jumamosi, na iliyobaki "kazi ikipatikana". Mwezi ambao kiwanda kimefunga kwa ukaguzi wa mashine, tunaelewana. Mkopo wa miaka haujui kiwanda kimefunga. Na kuna mwingine ambaye hataki kununua kabisa: ana shamba kwao, anajenga huko tofali kwa tofali, na Nairobi anataka mahali pa kulala tu hadi watoto wamalize shule. Mradi unaojua kuuza peke yake hauna jibu kwa huyu, naye ni nusu ya watu ninaowajua.

Dar es Salaam wana mfano ambao wengi wetu tungeutamani, Magomeni Kota. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi kwenye kota za zamani ziliondolewa, eneo likakaa tupu miaka mingi, kisha yakajengwa magorofa ya nyumba 656. Rais Samia Suluhu Hassan aliyazindua tarehe 23 Machi 2022, na wale wale wa zamani wakarudi, na ahadi ya kukaa miaka mitano bila kodi kabla ya kuanza kununua. Iliwezekana kwa sababu mbili ambazo mtu asizisahau akitamani Magomeni yake: ardhi ilikuwa ya umma, na kila kaya ilikuwa na jina kwenye daftari. Idadi ya nyumba ilizidi kidogo tu idadi ya kaya, na hilo lilitosha kwa sababu waliohesabiwa walijulikana. Viwandani, katika ploti moja ya vyumba 12, jina linalojulikana ofisini ni la mtu mmoja anayeishi mtaa mwingine. Na hata Magomeni walisubiri karibu miaka 10.

Boresha papo hapo, watu wakiwa ndani

Hapa sitajifanya sina upande, kwa sababu niliona kazi yenyewe ikipita mbele ya mlango wangu.

Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Maana yake kwa lugha ya mtaani: kwa miaka miwili hakuna kubomoa wala kujenga kipya, tukae chini tupange. Kaya zilizohusika zilikuwa kama 100,000. Tulipangwa nyumba kumi kumi, kila kumi na mwakilishi wao, na wawakilishi wakapanda ngazi hadi mezani na wahandisi, mawakili, wauguzi na watu wa benki. Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mabanda, ndio waliozunguka vichochoroni kutuita, na nakumbuka mkutano wa kwanza wa kumi yetu: tuliukalia mitungi ya maji, kwenye kichochoro, kwa sababu hakukuwa na chumba kinachotutosha.

Kilichotushangaza sisi wenyewe ni hesabu ya tunacholipa. Mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5 unaonekana bei ya chini. Mitungi 50 ndiyo lita 1,000, basi tunalipa 250 kwa kiasi ambacho mwenye bomba lake la kampuni ya maji ya jiji hulipia sehemu ndogo tu ya hiyo. Stima ya kuunganishiwa ni vilevile: unalipa kila mwezi kwa mtu asiye na risiti, na taa ikizimika huna wa kumpigia. Kumbe umaskini wetu una ada yake. Ukiweka bomba halali na mita halali, umempunguzia mpangaji gharama bila kumhamisha hata hatua moja.

Kuanzia 2020, chini ya NMS, idara ya serikali kuu iliyopewa baadhi ya kazi za kaunti ya Nairobi, lami ikaanza kuingia, visima vikachimbwa, hospitali zikajengwa, na mabomba membamba ya majitaka yakapitishwa vichochoroni ambako bomba kubwa la kawaida lisingepita bila kubomoa nusu ya mtaa. Barabara yetu ilipowekwa lami, zimamoto lilipata njia. Mama muuza samaki wa kona alihamisha meza yake mita mbili tu, na wateja wake hawakumpotea.

Udhaifu wa njia hii nao ni mkubwa. Kwanza, chumba chenyewe hakibadiliki. Mabati yale yale, joto lile lile la mchana, watu watano kwenye futi 10 kwa 10. Pili, ardhi. Sehemu kubwa ya Mukuru iligawiwa kampuni na watu binafsi tangu miaka ya 1980 kwa sharti wajenge viwanda vidogo. Wengi hawakujenga, na wengine wakaenda kuchukua mikopo benki kwa hati zile. Bomba likipita kwenye ardhi ambayo kesho mtu anakuja na hati yake, usalama wako ni wa mkataba wa hewani. Tukaliona hilo mwishoni mwa 2021, katika eneo lile lile lililokuwa likisifiwa kwa mipango ya wananchi: matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kwa ajili ya barabara, na watu takribani 40,000 wakabaki nje. Ramani tuliyoichora kwa miaka haikuwazuia. Mei 2024 baada ya mafuriko wabomoaji wakaja tena, safari hii kwa walio kando ya mto, na ahadi ya shilingi 10,000 kwa kaya.

Tatu ni kodi yenyewe. Barabara ikiwa nzuri, mwenye ploti huona. Katika ploti yangu kodi ilipanda mara mbili ndani ya mwaka mmoja baada ya lami. Hili si la Nairobi tu. Mji wa Shenzhen, China, umejengwa na vibarua waliotoka mashambani, na wengi wao wamelala kwenye vijiji vilivyomezwa na mji, nyumba zimebanana hivi kwamba wanaziita za kupeana mikono: wewe dirishani, jirani yako dirishani kwake, mnasalimiana. Huko makampuni makubwa yaliingia, yakakodi majengo yote kutoka kwa wenye nyumba, yakapaka rangi, yakaweka lifti na kupangisha upya kwa bei mpya. Mwaka 2018 wafanyakazi wa kiwanda cha Foxconn eneo la Longhua waliandika barua ya wazi kupinga, wakiomba mtaa wao usigeuzwe hivyo kwa sababu kodi ingewatoa. Na Baishizhou, kimojawapo cha vijiji vikubwa vya namna hiyo mjini humo, makazi ya watu kama 150,000, wapangaji walipewa notisi za kuondoka 2019 ili magorofa yajengwe. Wenye nyumba walifidiwa. Mpangaji alibeba godoro lake.

Kwa hiyo kuboresha papo hapo bila kushika kodi ni kubomoa kwa mwendo wa pole.

Kuna mfano mdogo uliojibu swali la mpangaji na mwenye banda pamoja, nao uko Huruma, Kambi Moto. Wakazi waliweka akiba kwa vikundi, wakakubaliana na baraza la jiji la wakati huo, na kuanzia miaka ya 2000 wakajenga nyumba za mawe palepale, nyembamba, zinazopanda juu ghorofa kwa ghorofa kadiri mtu anavyopata pesa. Jambo kubwa ni makubaliano ya mwanzo: mwenye banda apate nyumba moja, na mpangaji apate nyumba moja. Mwenye mabanda matano hakupata tano. Ukienda leo utaona kuta za mawe zimesimama mahali palipokuwa mabati, na duka chini ya ngazi. Lilikuwa eneo dogo la umma, mia kadhaa ya familia, ilhali sisi ni laki na zaidi. Lakini kanuni ile inaweza kubebwa.

Ploti za nje ya mji

Hii nitaipita haraka. Bandari ya Dar es Salaam ilipohitaji kupanuka, watu wengi waliondolewa Kurasini, na wapangaji hawakuwa na fidia ya nyumba kwa sababu hawakuwa na nyumba. Waliokuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba wakanunua ekari 30 Chamazi, kama kilomita 20 nje, wakajifunza kufyatua tofali wenyewe na kuanza kujenga. Nawavulia kofia. Wapangaji wachache wa mabanda popote pale wamefika kwenye ardhi yenye jina lao.

Lakini kilomita 20 ni kilomita 20. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi kwetu ni shilingi 150. Kwa siku 26 za kazi ni 3,900, kiasi kilekile cha chumba kipya cha Mukuru kwa mwezi. Na geti halikusubiri. Njia hii inamfaa mwenye biashara yake, au mzee aliyemaliza mbio za mjini na hana pa kurudi. Kijana wa miaka 22 anayetafuta kuandikwa kiwandani asiisaini hata akipewa ploti bure.

Ukiziweka kando kwa kando

Kwa kutembea hadi kazini, kuboresha papo hapo na magorofa ya palepale yako sawa, na ploti za nje zinaanguka. Kwa pesa ya kuingilia, kuboresha kunashinda bila mjadala, maana huingii popote, uko ndani tayari. Kwa choo, moto na afya ya mtoto, gorofa liko mbele sana na tusijidanganye. Kwa mwezi mbaya usio na kazi, mwenye ploti unayemfahamu ni mpole kuliko akaunti ya mkopo, ingawa naye anaweza kukung'olea mlango. Kwa muda wa kusubiri, bomba huja kwa miezi. Gorofa lilichukua miaka 7 kwa wale wa Lang'ata. Kwa usalama wa kutofukuzwa, mwenye gorofa lenye karatasi amelala. Aliyeboreshewa kichochoro juu ya ardhi ya mtu bado analala jicho moja wazi.

Kwangu mimi mpangilio ni huu. Maji, majitaka, stima na njia ya zimamoto vije kwanza, kote, watu wakiwa ndani, na ardhi ichukuliwe na umma kabla bomba halijafukiwa. Magorofa yajengwe, tena mengi, lakini yaanzie kwenye ardhi tupu iliyo jirani, kama ile ya Enterprise, na sehemu nzuri ya vyumba iwe ya kupangisha kwa bei inayofikika, ilipwe kwa wiki kwa anayetaka. Gorofa likijaa ndipo mabanda ya waliohama yabomolewe, na eneo lililobaki tupu lipokee gorofa linalofuata. Atakayeuza nyumba aliyopewa aiuze kwa chama cha ushirika kwanza. Nimeshasikia wahandisi wakisema hii ni polepole mno. Lang'ata nako walisema ni kwa muda.

Ukiwa umeitwa barazani wiki ijayo, nenda na swali moja: vyumba vya chini ya shilingi 3,000 vilivyo ndani ya mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka getini ni vingapi leo, na mradi ukimalizika vitakuwa vingapi? Usipokee jibu la idadi ya nyumba. Idadi ya nyumba inaweza kupanda huku vyumba vya namna yako vikiisha.

Na uombe siku ya kuhesabiwa. Mradi mmoja ulituhesabu Jumanne mchana. Wakapiga namba za chaki kwenye milango, na mlango ambao hakuna aliyeitika wakaandika hauna mtu. Chumba cha tatu kutoka kwangu wanaishi vijana watatu kwenye kitanda kimoja, wawili wa zamu ya mchana na mmoja wa usiku. Yule wa usiku alikuwa amelala fofofo, hakusikia hodi. Kwenye orodha ile vijana watatu hawapo kabisa, na mwenye ploti aliyepita kuchukua kodi saa hiyo aliandikwa kuwa mkazi. Waombeni waje Jumapili asubuhi mapema, kabla ya kanisa, zamu zote zikiwa nyumbani, na waandike kila kichwa, hata cha mgeni aliyelala sakafuni miezi mitatu akisubiri kupata chumba chake.